Uso ni wa mwenyewe: namna ya kupiga picha za makala kuhusu utambulisho na jinsia barani Asia

Mwaka 1989 gazeti moja la London lilimtuma Dayanita Singh, mpiga picha wa India, kuwapiga picha mahijra wa Delhi, jamii ya jadi ya watu wasiojihesabu wanaume wala wanawake. Alikutana na Mona Ahmed, akampiga picha, na mambo yakaenda vizuri mpaka Mona alipojua kwamba picha zile zingetoka Uingereza, ambako alikuwa na ndugu. Akaomba apewe filamu iliyokuwa ndani ya kamera. Singh akampa. Urafiki ulioanza siku ile ndio uliozaa kitabu kilichotoka mwaka 2001, na maneno yaliyomo ni barua pepe ambazo Mona mwenyewe alimwandikia mchapishaji.

Tunaanza na filamu ile iliyorudishwa kwa sababu kila hatua iliyo hapa chini, hata zile za shata (kifunguo cha mwanga ndani ya kamera) na faili, inamtaka mpiga picha awe tayari kufanya kama Singh. Asiye tayari kurudisha filamu atafute mada nyingine.

Swali jembamba kwanza

"Jinsia barani Asia" ni mada pana kupita kiasi kwa mfululizo mmoja wa picha. Tafuta swali ambalo jicho linaweza kulijibu. Jannatul Mawa wa Bangladesh aliuliza jambo dogo tu: mama mwenye nyumba na mfanyakazi wake wa ndani wakikaa kwenye sofa moja, itaonekanaje? Mfanyakazi huipangusa sofa ile kila siku lakini haikalii. Katika kila picha kuna watu wawili na sofa, basi. Ukitazama nafasi iliyoachwa kati ya mabega yao, na mikono ilivyolazwa mapajani, unajua nani yuko kwake na nani amekaribishwa kwa dakika tano.

Jaribu kuliandika swali lako kwa sentensi moja isiyo na neno "utambulisho". Ikishindikana, bado hujalipata.

Panga watu 8 hadi 12 kwa mwaka mmoja, na ziara zisizopungua tano kwa kila mtu, mbili za kwanza bila kamera. Wapiga picha wengi hufanya kinyume: watu 30 kwa wiki tatu. Wanarudi na picha 30 za watu waliosimama mbele ya ukuta, zote nzuri, zote bubu. Angalia pia watu wako wana nafasi lini. Wafanyakazi wa ndani wa Hong Kong, wengi wao kutoka Ufilipino na Indonesia, wana siku moja ya mapumziko kwa wiki, na kwa wengi ni Jumapili. Ukiwaomba saa nne za siku hiyo umewaomba kitu kikubwa.

Jifunze majina ambayo watu wa kila mahali huyatumia kwa jinsia zao. Hijra wa India na Bangladesh, khwaja sira wa Pakistan, kathoey wa Thailand, waria wa Indonesia na bakla wa Ufilipino hawana jina moja lililotafsiriwa mara tano. Wabugisi wa kisiwa cha Sulawesi, Indonesia, wana majina ya jinsia tano katika lugha yao, na bissu, ambaye kijadi ni mtu wa ibada, hatiwi kapu moja na calabai, aliyezaliwa mwanamume akaishi kama mwanamke. Majina nayo huzeeka: Indonesia wengi sasa hupendelea transpuan kuliko waria. Muulize kila mtu anajiitaje, mwombe akuandikie daftarini kwa mkono wake, kisha muulize tena baada ya miezi sita.

Soma sheria kabla ya kukata tiketi. Kifungu cha 377, kilichoachwa na utawala wa Waingereza na kinachofanya mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa la jinai, kilipoteza nguvu India dhidi ya watu wazima walioridhiana tarehe 6 Septemba 2018. Singapore bunge lilipiga kura kufuta chao Novemba 2022. Bangladesh kingalipo, ingawa serikali hiyohiyo iliwatambua mahijra kuwa jinsia yao mwaka 2013. Kwa hiyo majirani wawili wa Dhaka wanaweza kuwa na hatari tofauti kabisa mbele ya lenzi moja. Aprili 2016 mhariri wa Roopbaan, jarida la wapenzi wa jinsia moja la huko, aliuawa nyumbani kwake pamoja na rafiki yake. Ndiyo maana sehemu ya kuficha uso hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote.

Makubaliano yenye vyumba vitatu

Fomu ya ndiyo au hapana haitoshi. Tenganisha mambo matatu: uso, jina, na mahali picha itakapoonekana. Mtu anaweza kukubali uso kwenye maonyesho ya Taipei, akakataa jina, na akakataa kabisa intaneti. Mahali nako kugawe: ndani ya nchi, nje ya nchi, kitabu, mtandao. Kila kisanduku kiwe na tarehe.

Asiyesoma, au asiyetaka karatasi yenye sahihi yake ilale nyumbani kwako, arekodiwe kwa sauti katika lugha yake. Sauti hiyo ihifadhiwe mbali na picha, kwenye diski nyingine yenye nywila.

Usitumie neno "maonyesho" peke yake, kwani kwa wengi halina sura. Chukua picha uliyopiga, iweke kwenye simu kama itakavyoonekana mtandaoni, likiwemo jina juu yake, umpe aitazame. Kisha uliza: "Mjomba wako akiiona hii kesho asubuhi, itakuwaje?" Jibu la swali hilo ndilo makubaliano yenyewe. Mara nyingi mtu aliyekwisha kusema ndiyo hunyamaza hapo. Ukimya huo ni jibu. Usimsukume.

Kwa mahijra kuna hatua moja zaidi. Wanaishi katika nyumba zenye guru na wanafunzi wake, machela, na bila heshima kwa guru hufiki popote. Lakini idhini ya guru haimfungi chela. Baada ya chai na guru, tafuta nafasi ya kuzungumza na chela peke yake, umuulize upya.

Fidia siku ya kazi iliyopotea na nauli, kiasi kilekile kwa kila mtu, na kilipwe kabla ya picha ya kwanza. Ukilipa mwishoni, mtu atakupa pozi anayodhani umeilipia.

Mwachie aamue anavyoonekana

Mwaka 2003 Gauri Gill alisimamisha hema la picha katika tamasha la wasichana huko Lunkaransar, Rajasthan, akawaachia wasichana waamue wasimame na nani, washike nini. Sheba Chhachhi, aliyekuwa amepiga maandamano ya wanawake wa Delhi miaka ya 1980, baadaye alirudi kwa wanawake saba wa harakati zile, kila mmoja akachagua mwenyewe mahali, mavazi na vitu vya kuweka mbele ya kamera. Njia hii haipunguzi ukweli wa picha. Mtu akichagua kupigwa na cherehani badala ya bendera, amekupa habari ambayo usingeipata kwa kumvizia.

Kibanda ni rahisi. Kitambaa kizito cha pamba cha mita 2 kwa 3, rangi moja ya wastani (kijivu au kahawia, nyeupe hudanganya kipima mwanga, nyeusi humeza nywele). Kitundike upande wa kivuli wa nyumba, mwanga wa anga uingie kwa mbele na kidogo ubavuni. Mtu asimame mita moja na nusu mbele ya kitambaa ili kivuli chake kisidondokee hapo. Piga fremu 10, si zaidi, kisha mpe kamera azitazame zote na kufuta asizozitaka, mbele yako. Ukirudi nyumbani na fremu 200 huwezi kusema mlichagua pamoja.

Kuna picha moja tunaomba usiipige: hijra au kathoey akijipaka rangi ya mdomo mbele ya kioo. Imepigwa mno, na kila mara inasema kwamba jinsia yake ni vazi la jioni. Piga anavyolipa kodi ya nyumba, rafu ya dawa zake, miswaki miwili ndani ya kikombe kimoja.

Vifaa

Lenzi ya milimita 35 kwa vyumba, 50 kwa mtu mmoja. Chini ya 28 pua hukua na chumba hugeuka ukumbi. Kamera yenye shata kimya, betri mbili, kadi mbili zinazoandika kwa pamoja. Kwa ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweupe ongeza mwanga kwa theluthi mbili ya stopu hadi stopu nzima (stopu moja ni mwanga mara mbili), la sivyo kamera itailinda chokaa na kuuzamisha uso.

Linalowasumbua wengi ni taa ndefu za tyubu. Hupepesa kufuata umeme wa nchi, na shata ikienda kasi picha hutoka na michirizi ya manjano na kijani kibichi. India, Bangladesh, Nepal, Thailand, Vietnam, Indonesia na China umeme ni hezi 50: tumia shata ya sekunde 1/50 au 1/100. Ufilipino, Taiwan na Korea Kusini ni hezi 60: tumia 1/60 au 1/125. Japani imegawanyika, Tokyo 50 na Osaka 60, kwa hiyo mipangilio iliyokufaa jana inaweza kukuangusha leo baada ya safari ya treni. Panda ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, hadi 1600 au 3200 kabla ya kugusa shata.

Picha isiyoonyesha uso

Sunil Gupta alipiga wanaume wapenzi wa wanaume Delhi mwaka 1986 na 1987, katika mahali kama India Gate na Kaburi la Humayun. Vichwa vingi vimegeuka au vimekatwa na ukingo wa fremu, na maneno ya wanaume yamewekwa chini. Mji unatambulika, mtu hatambuliki, na pengo hilo ndilo habari. Somo lake: kuficha kuanze kwenye fremu, shata ikiwa bado haijabonyezwa.

Kuficha baada ya kupiga ni kubaya kwa sababu mbili. Vigae na ukungu vya programu humfanya mtu aonekane mhalifu wa taarifa ya habari. Tena havifichi vya kutosha. Mwaka 2007 Interpol ilisambaza uso wa mtuhumiwa uliokuwa umezungushwa kwa programu, baada ya polisi wa Ujerumani kuurudisha kama ulivyokuwa. Kilichofanywa na polisi kinaweza kufanywa na mwingine.

Umbo jeusi mbele ya dirisha ndilo linalopendwa zaidi, na ndilo linalosaliti zaidi. Fanya hivi. Mweke mtu mita moja kutoka dirishani. Zima taa zote. Upande wake unaoelekea chumbani tundika kitambaa cheusi, kwa kuwa ukuta mweupe hurudisha mwanga usoni. Asikae ubavu kamili, kwani mstari wa paji, pua na mdomo humtambulisha mtu sawasawa na uso wake. Ageuke zaidi kuelekea nje mpaka pua ipotee nyuma ya shavu. Pima mwanga wa nje, anza na ISO 100, 1/250, f/8, na hakikisha uso uko stopu nne au zaidi chini ya dirisha.

Halafu kosa lenyewe. Kwenye skrini ya kamera uso ni mweusi kama makaa, mpiga picha anaridhika, anatuma faili ghafi, lile lenye kila kilichonaswa na kamera, kwa mhariri. Mhariri anavuta vivuli juu kidogo apate umbile la pazia, na macho yanafunguka. Vitambuzi vya kamera za siku hizi huhifadhi mengi hata ndani ya giza zito. Kwa hiyo ukifika kwenye kompyuta, vuta vivuli juu mpaka mwisho wewe mwenyewe. Ukiona jicho, nyusi au meno, picha si salama. Bana weusi kwa mkunjo wa toni mpaka sehemu ile iwe sifuri, toa JPEG mpya, ifungue, vuta vivuli tena. Faili ghafi haliendi kwa mtu yeyote.

Ukimaliza na uso, itafute sura ya mtu mahali pengine ndani ya fremu. Kuza asilimia 100 na pita kona kwa kona. Kioo, skrini ya runinga iliyozimwa, miwani ya mtu wa pili. Jikoni India na Bangladesh, sufuria na sahani za chuma cha pua zilizopangwa rafuni ni vioo kumi na viwili, na kila kimoja kinaweza kuwa kimebeba uso mdogo uliopinda lakini unaotambulika. Kalenda ya ukutani mara nyingi imetolewa na duka la mtaa na ina jina la duka na simu yake. Beji ya shule, namba ya mita ya umeme, mnara unaoonekana dirishani. Pete, kovu, mchoro wa hina ambao shangazi aliuona juzi harusini.

Nguo nayo huunganisha. Ukimpiga mtu mmoja mara mbili siku hiyohiyo, moja ya uso wazi kwa albamu yake mwenyewe na moja ya mgongo kwa maonyesho, na shali ni ileile, akiweka ile ya kwanza mtandaoni amefichua ya pili. Mwombe abadili nguo, au beba shali tatu za kuazimisha.

Mwisho ni metadata, yaani taarifa kama mahali na saa zinazoandikwa ndani ya faili la picha. Zima eneo la GPS kwenye kamera na simu kabla ya kufika. Ukitoa faili, futa metadata yote kisha uikague kwa programu nyingine, maana picha ndogo ya utangulizi iliyofichwa ndani ya faili wakati mwingine hubaki na fremu nzima hata baada ya kukata kichwa. Jina la faili liwe namba tu. Hati za uraia zikipigwa, jambo la kawaida kwa wakimbizi Warohingya walioko Cox's Bazar, Bangladesh, au kwa watu wa jimbo la Assam, India, walioachwa nje ya orodha ya uraia ya Agosti 2019, funika namba, jina na msimbo kwa kidole cha mwenye hati wakati wa kupiga.

Albamu ya familia

Swali la nani ana kwao mara nyingi limejibiwa tayari ndani ya kasha la biskuti chini ya kitanda. Nepal Picture Library, iliyoanzishwa Kathmandu mwaka 2011, imejenga hazina yake kwa picha za familia, na kutokana na picha kama hizo ikaonyesha mwaka 2018 wanawake wa Nepal wakiwa mikutanoni, shuleni na magerezani, mahali ambapo vitabu vya historia vilikuwa havijawaona.

Skani nyumbani kwa mwenye picha. Picha zisitoke mlangoni. Nukta 600 kwa inchi, rangi hata kwa picha nyeusi na nyeupe, TIFF. Picha ya sentimita 10 kwa 15 itakupa pikseli zipatazo 2362 kwa 3543, zinazotosha kuchapa sentimita 20 kwa 30. Skani na mgongo wake, maana mwandiko wa nyuma ndio wenye tarehe na jina la studio. Iliyogandishwa kwenye ukurasa usiibandue: piga ukurasa mzima kwa kamera iliyo juu yake, taa mbili pembeni kwa nyuzi 45. Wakati unaskani washa kinasa sauti, kwa kuwa mwenye albamu atasema kuhusu picha ya tatu jambo ambalo hatalirudia ukimhoji. Waliomo kwenye picha na bado wako hai waulizwe nao.

Maneno chini ya picha

Kiswahili kinatupa nafuu: "yeye" haina jinsia, na "alikwenda" haimwambii mtu aliyekwenda ni mwanamume au mwanamke. Kibengali na Kiajemi navyo viko hivyo katika viwakilishi. Mtego wetu uko kwingine. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na mwandishi asiyeangalia ataandika "ameolewa" chini ya picha ya wanawake wawili wa Taiwan, ambako ndoa yao inatambuliwa na sheria tangu Mei 2019, na hapo amekwisha kumgawia mmoja wao nafasi ya mume. Andika "wamefunga ndoa" au "wameoana". Angalia vilevile kaka, dada, Bwana, Bi, shangazi.

Tafsiri nayo inapoteza. Katika Kihindi kitenzi hubeba jinsia ya msemaji: "main jaata hoon" akisema mwanamume, "main jaati hoon" akisema mwanamke, na zote kwetu ni "ninakwenda". Hijra anayesema "jaati" amechagua, na uchaguzi huo ndio ulikuja kuutafuta. Thailand msemaji humalizia sentensi kwa "khrap" akiwa mwanamume au "kha" akiwa mwanamke. Kwa hiyo rekodi, mwombe mkalimani aandike maneno ya asili, kisha chini ya picha yaweke hayo kwanza na tafsiri baadaye. Pale kitenzi kinapobadilika katikati ya mazungumzo, labda mama mkwe ameingia chumbani, andika hivyo bila kuficha.

Jina la zamani la mtu halihitajiki. Hata akikutajia.

Kuchagua, kuonyesha, kuondoa

Chapa picha 80 ndogo za sentimita 9 kwa 13, zitandaze sakafuni, ziache siku tatu. Ondoa kwanza zile zinazorudia jambo moja, kisha zile unazozipenda kwa sababu ya mwanga tu, kisha zile ambazo bila maelezo zinamfanya mtu aonekane wa kuhurumiwa. Ukibaki na 24 umepata. Waite wahusika waone mpangilio kabla ya kumwonyesha msimamizi yeyote wa maonyesho. Mara nyingi wao ndio wanaosema picha ya saba na ya nane zikikaa pamoja zinasema uongo. Mpe kila mtu nakala yake iliyochapwa. Anayeishi na watu wasiojua, muulize kwanza kama ana pa kuiweka.

Siku moja mmoja wao atakuandikia kwamba anataka atoke. Pengine amepata kazi, mama yake ameugua, serikali imebadilika. Usiulize sababu. Ndani ya saa 48 ondoa picha kwenye tovuti na mitandao yako, iandikie kila taasisi yenye nakala, na ombi la kufuta lipelekwe pia kwa injini za utafutaji, kwani picha ndogo hubaki huko baada ya tovuti kusafishwa. Kitabu kilichokwisha kuuzwa hakirudi, na hilo alipaswa kulijua siku ya fomu. Chapa inayofuata itoke bila yeye. Kwenye maonyesho usisogeze picha nyingine kuziba pengo. Acha msumari ukutani, na namba yake chini.